Ukimsindikiza mumeo kwao shamba, Yorkshire

Haya ni maelekezo kwa mtu wa kwetu aliyeolewa na Mwingereza anayeishi huku Afrika Mashariki, na sasa zamu imefika ya kwenda kwao. (Kaka zangu mliooa huko, mtanisamehe, nitaandika kwa upande wangu, nyie badilisheni wifi kuwa shemeji.) Sizungumzii London. Nazungumzia kwao kwenyewe, kijijini, kwenye kondoo na matope. Mimi ni Msambaa wa Lushoto, naishi Tanga. Mume wangu, Baba Zuhura, anafanya kazi ya ng'ombe wa maziwa, na kwao ni bonde la mto Wharfe, ndani ya hifadhi ya Yorkshire Dales, kijiji kilicho juu ya Grassington. Baadhi ya ninayoyaeleza yatakufaa popote vijijini Uingereza, mengine ni ya bonde lile tu.

Kabla ya tiketi, elewa kwamba mumeo haendi likizo. Anarudi kwenye nyumba ambayo kuna mtu alibaki. Kwetu ni wifi yangu. Yeye ndiye anayempeleka baba kliniki ya macho, anayejaza fomu za serikali za shamba, anayeamka usiku kondoo wakizaa. Sisi tunashuka na masanduku, tunapikiwa, tunapigwa picha, tunaondoka, na mama analia kwa ajili ya yule anayeondoka. Watu wa Lushoto hili halitushangazi: ndugu wa Dar wakija Idd na gari la kukodi, nani anachota maji ya kuwaogesha? Kwa hiyo kila ushauri hapa chini upime kwa swali moja: huyu aliyebaki, safari yetu inampunguzia kazi au inamwongezea?

Tarehe

Usiende Aprili. Ndio mwezi kondoo wa milimani wanazaa, na nyumba nzima hailali. Ukienda Aprili, nenda kufanya kazi, na uwe tayari kukuta mwana-kondoo anapashwa moto kwenye boksi mbele ya jiko. Julai kuna kunyoa kondoo, na mvua ikiacha siku chache mfululizo kila mtu anakimbilia kukata majani ya hei. Utaongea na ukuta. Oktoba ni minada.

Inayobaki ni Juni ya mwanzo, ambayo bahati nzuri inakutana na likizo ya shule zetu, au mwisho wa Agosti. Mimi napendelea Agosti kwa sababu ya maonyesho ya Kilnsey, ambayo hufanyika Jumanne baada ya Jumatatu ya mwisho ya mwezi. Chini ya jabali kubwa la chokaa watu wanashindanisha kondoo, wanashindana kujenga ukuta wa mawe bila saruji, na vijana wanapanda mbio mlima ulio juu ya jabali na kushuka. Siku hiyo mumeo ataonana na watu wote aliosoma nao bila wewe kuzungushwa nyumba kwa nyumba kunywa chai. Peke yake inatosha kuhalalisha nauli.

Desemba ni ya wenye imani kali. Jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na kijiji kilicho chini ya mlima kinaingia kivulini mapema zaidi. Juni ni kinyume: linachomoza kama saa kumi na nusu alfajiri na kuzama karibu saa nne kasorobo usiku. Watoto wa Tanga hawakubali kwamba ni saa ya kulala wakati ndege bado wanaimba. Beba khanga mbili nzito za giza na pini, uziweke dirishani siku ya kwanza.

Karatasi

Viza yako ni ile ya kutembelea, ya miezi sita. Mwaka 2025 ada yake ilipandishwa ikawa paundi 127, na ada hizi hazijui kushuka, kwa hiyo angalia tovuti ya serikali yao siku unayolipa. Unaruhusiwa kuomba ndani ya miezi mitatu kabla ya safari, si mapema zaidi. Ukishatoa alama za vidole, jibu kwa kawaida huja ndani ya wiki tatu. Wanachotafuta ni sababu ya wewe kurudi: barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, taarifa za benki, watoto wanaosoma hapa. Barua ya mwaliko aiandike mama mkwe au baba mkwe, aseme utalala wapi na kwa muda gani. Mume peke yake hatoshi. Yeye si mwenyeji wako, ni msafiri mwenzako.

Watoto wakiwa na uraia wa baba yao, hawaombi viza. Wasafiri na pasi ya Uingereza, na pasi ya kwanza ya mtoto aliyezaliwa nje inachukua muda. Anza na hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Bima ya safari ni lazima, na kata ya mumeo pia. Hapa wengi wanajidanganya. Matibabu ya hospitali kule ni bure kwa mkazi, na ukazi hauangaliwi kwenye rangi ya pasi. Mwingereza aliyehamishia maisha yake Tanga akilazwa anaweza kuletewa bili kama mgeni mwingine, na mgeni asiye na msamaha hutozwa asilimia 150 ya gharama. Huduma ya dharura pale mlangoni ni bure kwa wote, lakini ukishapandishwa wodini hesabu inaanza.

Viatu

Nitakaa kidogo hapa, maana sijaona mtu akiwaambia wageni wa kutoka kwetu.

Mwaka 2001, Februari, ugonjwa wa miguu na midomo uliingia Uingereza. Uchunguzi ulielekeza kwenye banda la nguruwe la Northumberland, walikolishwa mabaki ya chakula yasiyochemshwa ipasavyo, na inaaminika ndani yake mlikuwa na nyama iliyoingizwa nchini kinyume cha sheria. Zaidi ya wanyama milioni sita waliuawa kabla haujaisha. Njia za miguu zilifungwa nchi nzima. Mei ukafika eneo la Settle, bonde la jirani na letu, na watu walikaa ndani ya mashamba yao kama wafungwa, wakingoja simu.

Sasa fikiria wewe unatoka nchi ambayo ugonjwa huo upo siku zote, mume anashinda kwenye mazizi ya Tanga, na mnaingia kwenye shamba la mtu aliyeiishi 2001. Baba mkwe hatakwambia kitu. Atatazama viatu vyenu.

Kwa hiyo: gambuti za kazi za Tanga zibaki Tanga. Viatu vinavyosafiri visuguliwe nyayo kwa brashi na sabuni, vikaushwe juani, na nguo zilizowahi kuingia zizini zifuliwe kwa maji ya moto. Msibebe nyama ya aina yoyote, wala maziwa, wala jibini, wala samli ya bibi, hata kijiko. Sheria inakataza na sababu yake umeshaisikia. Mkifika, kabla ya kuulizwa, mume amwambie baba yake, "Buti tumeziacha." Niliona mabega ya mzee yakishuka. Gambuti za kuvaa mtazikuta kule, zimepangwa mlango wa nyuma, za kila saizi, nyingine za watu waliokwisha kufa.

Kinachoruhusiwa na kinachopendwa: kahawa ya Kilimanjaro iliyokaangwa, majani ya chai ya Usambara, korosho za kukaanga, karafuu, iliki. Vinyago acheni. Mama mkwe ana droo nzima ya tembo wa mpingo na hana moyo wa kuvitupa. Khanga anaipenda, ila anaitandika mezani, na usimkosoe. Anaisoma jina kila siku akinywa chai, jambo ambalo sisi tuliozifunga kiunoni hatulifanyi.

Kufika

Tua Manchester, usitue London. Kupitia Doha, Dubai au Istanbul utafika Manchester bila kuikanyaga Heathrow, na uwanja wenyewe una stesheni. Kuna treni ya moja kwa moja hadi Leeds. Leeds unapanda ya Skipton, dakika arobaini na kitu, na njiani utapita Keighley, ambayo uikumbuke, tutairudia. Skipton ndiko watu watakapowapokea, kama kilomita 16 kutoka Grassington. Basi lipo lakini ni la kuhesabu kwa saa, si la kungojea barabarani na kupunga mkono.

Mkikodi gari, kodi dogo. Leseni ya Tanzania mgeni anaitumia hadi miezi kumi na miwili, na wanaendesha kushoto kama sisi. Ugumu ni barabara yenyewe: upana wa gari moja, ukuta wa mawe huku na huku, trekta linakuja. Mwenye sehemu ya kupishana karibu nyuma yake ndiye anayerudi rivasi, na akikupisha unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Kidole, si mkono mzima, wala si honi. Honi kule ni tusi. Mtoto wa chini ya miaka 12 ambaye hajafika sentimita 135 lazima akae kwenye kiti chake cha gari. Kumpakata haiwezekani, hata kwa mita mia za kwenda kanisani kutazama makaburi.

Beba sweta ukidhani unazidisha. Mimi nimekulia Lushoto, Julai ya Lushoto naijua, na bado Juni ya kule ilinikalisha karibu na jiko. Nyumba za mawe zinatunza baridi, na moto wa kupasha nyumba hauwashwi Juni kwa sababu ni Juni. Watakwambia uvae kingine.

Siku mbili za mgeni

Mlango wa mbele haufunguliwi. Zungukeni nyuma, vueni viatu, ingieni jikoni. Usitegemee mapokezi ya vigelegele. Baba mkwe atasimama, atatoa mkono, atauliza safari ilikuwaje, na kabla hujamaliza kujibu atauliza mmepita barabara gani. Halafu ataongea na mwanawe kuhusu mvua. Walikuwa hawajaonana miaka! Usihesabu kwamba hawapendani, wala usianze kumtetea mume moyoni mwako. Angalia mzee amefanya nini: ameosha gari, amekata majani ya uani, amepasua kuni za kutosha mwezi.

Salamu zetu ndefu hazina pa kukaa, lakini watoto wangu walimwamkia babu yao shikamoo na wakamngoja pale pale mpaka aitikie. Sasa anaitikia marahaba kwa sauti kubwa kama anaita mbwa. Mama mkwe atataka umwite kwa jina lake. Kwa malezi ya Tanga hilo halitoki mdomoni. Mimi nilipitia mlango wa watoto, nikamwita Bibi, akafurahi, na mpaka majirani wawili watatu wanamwita hivyo.

Usipike siku ya kwanza wala ya pili. Usioshe nguo zako kwenye mashine yake bila kuuliza. Lala, tembea na watoto hadi mtoni, msifie bustani. Mume mwache na baba yake. Wataenda mlimani kutazama kondoo kwa saa nne na watarudi hawajasema lolote la maana, au ndivyo atakavyokwambia. Usiulize mmezungumza nini. Na asishangaze mtu akibadilika lafudhi. Baba Zuhura akivuka Skipton hata mimi simwelewi vizuri, na Kiswahili chake kinakuwa kigumu kwa siku kadhaa.

Siku ya tatu, jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kasoro ni kwamba Waingereza hawatakupa. Wataendelea kukupa chai mpaka ufe. Inabidi ulichukue mwenyewe, na uanzie kwenye kukausha vyombo.

Baada ya kila mlo mama mkwe anaosha, na kuna kitambaa kimetundikwa kwenye mkono wa jiko la chuma. Kichukue. Simama kushoto kwake, kausha, uliza kila kitu kinakaa wapi. Mezani mwanamke yule atakupa habari za hali ya hewa tu, lakini pale kwenye sinki, wote mmetazama dirishani, hamtazamani, ndipo maneno yanapotoka. Pale nilisikia habari za mtoto wake aliyefariki mdogo. Pale aliniuliza kama mwanawe anasali kweli au ananifurahisha. Mashine ya kuosha vyombo ipo, iko chini ya meza, haitumiki. Nadhani najua sababu.

Kisha mwendee wifi. Usimwulize "nikusaidie nini?" Atasema hakuna. Mwulize, "Nipe orodha ya ulichokuwa ufanye Jumatano." Kwenye orodha ile chagueni: mume ampeleke baba hospitali ya Airedale, wewe na watoto mwende kulisha kuku na kuokota mayai, mume azibe pengo la ukuta lililoanguka majira ya baridi. Ukuta ule ni kazi nzuri kwa mwana aliyerudi. Una pande mbili za mawe, katikati unajazwa vipande vidogo, kila baada ya urefu fulani jiwe refu linavuka kutoka upande mpaka upande kuufunga. Unaokota jiwe, ukishaliokota usiliweke chini, litafutie mahali. Mzee atakuja kusimama, atasema halijakaa vibaya, na mumeo atatembea juma zima kama aliyevishwa nishani.

Halafu mpelekeni wifi akapumzike. Hii ndiyo zawadi. Khanga atakushukuru, kahawa atakushukuru, lakini mwambie: kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu simu ya baba inapigwa kwa kaka yako, wewe nenda baharini na rafiki zako. Atakataa mara mbili. Nyumba ya kupanga usiku tatu kule Whitby mnaweza kuilipa kwa fedha ambayo mngeipoteza kuzunguka London. Akiwa hayupo msimpigie kumwuliza dawa ya mbwa iko wapi. Tafuteni.

Mbwa, kwa njia, ni wa kazi. Analala bandani, haingii chumbani kwenu, na haguswiguswi, jambo linalotupunguzia sisi shida. Ukihofia udhu, tenga nguo ya sala na uitundike chumbani isishuke chini.

Sahani na mswala

Chakula cha mchana wafugaji wengi wa Yorkshire wanakiita "dinner", jina ambalo sisi tulifundishwa shuleni kuwa ni la usiku. Ukialikwa "chai" saa kumi na moja jioni, usile kabla: ni mlo kamili, nyama na viazi, na baada yake hakuna kingine mpaka asubuhi. Yorkshire pudding si kitamutamu, ni maandazi makubwa yenye shimo, na wazee wanayala kwanza na mchuzi, kabla ya nyama, ili tumbo lijae mapema na nyama ibaki. Chai yenyewe ni kali, ya maziwa, na sehemu kubwa ya majani wanayokunywa Waingereza inatoka Kenya. Hapo utajisikia nyumbani, isipokuwa tangawizi.

Kwa Mwislamu, mambo ya kuuliza ni manne: soseji na bekoni za asubuhi, ambazo zinajulikana, mchuzi, maana hukaangiwa kwenye mafuta ya nyama iliyotangulia, unga wa pai, ambao wengine huukanda kwa mafuta ya nguruwe, na peremende za watoto zenye jelatini. Uliza kabla ya safari, kwa ujumbe, si mezani. Mama mkwe wangu aliniambia angependa kujua wiki moja kabla kuliko kuniona nikisogeza chakula pembeni ya sahani.

Nyama halali ipo Keighley na Bradford, kwenye maduka ya Waislamu wenye asili ya Pakistani. Mkishuka treni nunua ya wiki mgandishe. Usimwombe baba mkwe mchinje kondoo uani kama Lushoto. Sheria yao inaruhusu kuchinja kwa dini bila kumzimisha mnyama ndani ya machinjio yenye kibali tu. Lakini mzee huyu Mmethodisti, asiyewahi kuingia msikitini, ana tarehe ya Idd el-Hajj kwenye kalenda ya ukutani, kaizungushia kalamu nyekundu, kwa sababu kabla ya Idd bei ya kondoo mnadani hupanda. Mwaka mmoja yeye ndiye aliyenikumbusha.

Kibla: Tanga tunaelekea karibu kaskazini kabisa. Yorkshire ni kusini mashariki, basi tumia dira ya simu mara moja, chagua pembe ya chumba, umalize. Saa za sala Juni zinachosha. Isha inakaribia usiku wa manane na alfajiri inaifuata nyuma tu. Chukua ratiba ya msikiti wa Bradford au Keighley na uifuate hiyo, usijitungie. Baa ya kijijini nayo itakuja: ndiyo ukumbi wa kijiji, watoto wanaruhusiwa, chakula kinaagizwa kaunta. Mimi huenda mchana, nakunywa maji ya limau, na nalipa mimi meza nzima kabla hawajainuka. Dada wengine hawaendi, na wana haki yao. Fedha mkononi, kwa vyovyote, usimpe mkwe. Jaza mafuta gari lake, jaza friji, nyamaza.

Pilau ipikwe siku ya nne au ya tano, kwa ruhusa, na umwachie mama mkwe kitunguu akikaange yeye mpaka kibadilike rangi. Atakitoa mapema. Mvumilie.

Matembezi

Njia za miguu zinapita katikati ya mashamba ya watu na ni haki ya kila mtu. Mshale wa njano unakuonyesha. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Usipande ukuta. Ng'ombe mwenye ndama mzungukie mbali, hata kama umezoea ng'ombe.

Watoto wawe mikononi mkienda Bolton Abbey. Magofu ya watawa ni mazuri, mto pale ni mpana, watu wanavuka juu ya mawe. Lakini juu kidogo msituni mto wote unabanwa kwenye mwanya mwembamba unaoitwa Strid, ambao kijana yeyote ataona anaweza kuuruka. Chini yake maji yamechimba mapango chini ya mwamba, na waliotumbukia wamekufa. Sisi hatuwapeleki kabisa.

Mume akinuna

Atanuna, karibu katikati ya safari. Wangu alinuna Kettlewell, mbele ya nyumba ya rafiki yake wa utotoni ambayo sasa ina kisanduku cha funguo mlangoni na wageni wa wikiendi. Vijiji vile nyumba nyingi zimekuwa za watu wa mijini. Tangu Aprili 2025 halmashauri ya North Yorkshire inawatoza wenye nyumba za pili kodi maradufu, ila bei hazijamrudisha mtu yeyote. Anayefuga ng'ombe Tanga hawezi kununua nyumba alikozaliwa. Usimwambie "lakini Tanga tuna nyumba." Anajua. Mpe kazi ya ukuta.

Mazungumzo ya shamba nani atalirithi yatakuja, na yakija wewe inuka ukakaushe vyombo. Ukiulizwa, sema wifi yako anastahili kuulizwa kwanza. Sema hivyo hata kama mume anakutazama.

Kuondoka

Asubuhi ya mwisho vua shuka zenu mwenyewe, ziweke kwenye mashine, uulize kama uiwashe. Gambuti zirudi mahali pake, zimeoshwa. Friji iachwe na chakula cha siku mbili ambacho mama hatakipika. Mkifika Tanga, simu ni Jumapili baada ya chakula chao cha mchana; tofauti ni saa mbili wakati wa kiangazi chao, saa tatu wakati wa baridi, na wao ndio wanaobadilisha saa, siyo sisi.

Na kabla hamjapanda treni Skipton, mume akae na dada yake, si na mama yao, wapange tarehe za safari ijayo. Mama atasema njooni lini mnapotaka. Wifi atasema wiki gani hana mtu.